Pengo la Inchi Mbili

Machi 2020, vyuo vilipofungwa Tanzania kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani Tanga na begi la nguo, simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, na kazi moja ya somo la ujenzi ambayo sikuwa nimeigusa. Tulitakiwa kuchora mkato wa ukuta wa nje wa zahanati ndogo, kuanzia msingi hadi paa, kwa kipimo cha 1:20. Mkato ni kile ambacho ungekiona kama nyumba ingekatwa kwa msumeno kama mkate. Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo, hapo ndipo ujanja unapokwisha. Picha nzuri ya jengo kwa mbele inaweza kumridhisha yeyote, lakini mkato unauliza nini kimekaa juu ya nini, na maji yatapita wapi.

Vyuo vilifunguliwa Juni mosi. Kwa ile miezi miwili na siku kadhaa, maktaba yangu ilikuwa simu. Nilinunua bando la usiku kwa sababu lilikuwa rahisi, nikasubiri nyumba nzima ilale, kisha nikaanza kupakua: video za mafundi wa nchi nisizozijua wakimwaga zege, mihadhara ya maprofesa waliorekodiwa zamani, vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu ambaye kidole chake kilionekana pembeni. Usiku mmoja nilipata nilichokuwa nakitafuta. Ulikuwa mkato wa ukuta, safi, wenye vipimo vyote, ndani ya slaidi zisizo na jina la mwalimu, chuo wala nchi. Niliunakili karibu wote, nikabadilisha paa tu, nikaweka bati.

Asubuhi nilimpelekea baba mdogo. Yeye ni fundi mwashi tangu kabla sijazaliwa, na siku hizo alikuwa anajenga nyumba ya mteja mtaa wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu tuone hicho chuo chenu cha kwenye simu."

Aliufuta mkono kwenye suruali, akaushika mchoro, akaanza kuusoma kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayejenga. Msingi, sawa. Jamvi, sawa. Kisha kidole kikasimama katikati ya ukuta.

"Na hapa?"

"Pengo, baba. Inchi mbili."

"La kazi gani?"

"Kuzuia unyevu."

"Unatoka wapi huo unyevu?"

"Nje. Mvua."

Alitazama juu, mbingu ya Aprili ikiwa imejaa mawingu ya masika, kisha akanitazama mimi. "Mvua ya hapa ukiitolea paa nje vizuri na ukuta ukapigwa lipu, haikusumbui. Maji yanayotusumbua sisi yanapanda kutoka chini, na hayo ndiyo hujayachora. Hili pengo lako ni kuta mbili, mwanangu. Mwenye nyumba ananunua matofali mara mbili ili panya wapate chumba."

Mafundi waliokuwa juu ya jukwaa walicheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Lakini mchoro sikuubadilisha. Nilikuwa nimetumia usiku mbili kuupaka wino. Niliutuma na pengo lake, nikapata alama nzuri kuliko zote nilizopata muhula ule. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwamba mchoro umekamilika.

Alama ile ndiyo iliyonikera, kuliko hata kile kicheko. Sasa ninasoma shahada ya uzamili, na nilipoambiwa nichague mada niliamua kulitafuta pengo lile. Lilitoka wapi? Nani alilichora kwanza, na lilifikaje kwenye zahanati ya kubuni katika mkoa wa Tanga?

Kulipata hakukuwa kazi ngumu. Waingereza walianza kujaribu kuta za aina hii katika karne ya 19, na katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili zikawa jambo la kawaida kwenye nyumba zao. Waliuita ukuta wa inchi 11, na hesabu yake ni rahisi: tofali la inchi nne na nusu kwa nje, pengo la inchi mbili, tofali jingine la inchi nne na nusu kwa ndani. Sababu ni mvua yao. Upepo unaotoka Atlantiki huisukuma mvua kwa ubavu, saa nyingi, siku nyingi, katika hewa ya baridi ambayo haiukaushi ukuta. Tofali la nje linalowa mpaka upande wa pili, maji yanateremka ndani ya pengo, na ukuta wa ndani unabaki mkavu. Hata vile vyuma vidogo vinavyozishikanisha kuta mbili vimesokotwa katikati, ili tone la maji linalojaribu kuvuka lianguke kabla halijafika ng'ambo. Nilipolielewa hilo nilikaa kimya kidogo. Ni kitu chenye akili nyingi sana. Kila milimita yake ina sababu, na sababu zote zinaishi Uingereza.

Wanafunzi wa huko walifundishwa mambo hayo kwa vitabu kama vya W. B. McKay, aliyekuwa mwalimu wa ujenzi mjini Manchester. Juzuu ya kwanza ya seti yake ilitoka mwaka 1938. Ukifungua kurasa zake unakuta michoro ya kalamu iliyobanana, kila kiungo kimeonyeshwa kwa pande tatu, na pembeni yake maelezo marefu ya kwa nini. Baadaye, nishati ya kupasha joto nyumba ilipopanda bei, Waingereza walianza kulijaza pengo lile kwa tabaka la kuzuia baridi. Michoro ya mtandaoni ya leo mara nyingi inalo tabaka hilo. Mimi niliacha kulichora. Mwenzangu mmoja wa darasani hakuliacha, na yeye zahanati yake ilikuwa Dar es Salaam.

Ni rahisi kufika hapa na kusema basi, tatizo ni kuiga vya watu. Pwani ambayo imeishi kwa kuiga vya watu miaka elfu moja haiwezi kusema hivyo bila kujikwaa. Nyumba za mawe za Lamu, Pangani na Unguja ni mkusanyiko wa mambo yaliyosafiri. Ila namna yalivyosafiri ilikuwa nyingine.

Chukua boriti. Miti ya mikoko ilikatwa kwenye delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, ikapakiwa kwenye majahazi na kwenda na upepo wa kusi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Boriti ina urefu wake, na haivumilii dari zito la mawe na chokaa likiwa na upana mkubwa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni vyembamba, mara nyingi mita mbili na nusu hadi tatu, halafu virefu kama ushoroba. Na ndiyo maana ukienda kwenye nyumba za kale za Ghuba unakuta upana unaokaribiana na huo. Hakuna aliyepeleka mchoro. Ilikwenda boriti yenyewe, na kipimo kikaenda ndani yake. Mtu wa huko hakuweza kuikosea, kwa sababu mti ungemkatalia. Biashara hiyo ilidumu hadi juzi tu. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Mchoro ni kitu tofauti. Mchoro unasafiri peke yake, bila mti, bila mvua, bila fundi.

Walioanza kuufanyia kazi hiyo walijua ugumu wake. London, kuanzia mwaka 1678, Joseph Moxon alitoa vijitabu mwezi kwa mwezi vya kufundisha kazi za mikono: uhunzi, useremala, kazi ya kereza. Mtu alinunua toleo moja, akasubiri jingine, kama sisi tunavyosubiri sehemu ya pili ya video. Sehemu ya uashi iliongezwa baada ya yeye kufariki. Ufaransa, Denis Diderot alikwenda mbali zaidi. Alikuwa mtoto wa fundi wa visu wa mji wa Langres, na labda ndiyo sababu hakuona aibu kuingia kwenye karakana na kuuliza maswali. Ensaiklopidia aliyoihariri ilianza kutoka mwaka 1751, na kati ya 1762 na 1772 zikafuata juzuu 11 za michoro mitupu. Nimeziangalia zote zinazohusu ujenzi, bure kabisa, nikiwa kitandani, jambo ambalo mwanafunzi wa Paris wa wakati ule asingeliota. Ukurasa mwingi umegawanywa hivi: juu kuna karakana, watu wako kazini, mwanga unaingia dirishani, chini zimepangwa zana, moja moja, kila moja na herufi yake. Diderot alilalamika kwamba mafundi wanaoweza kueleza wanachokifanya ni wachache mno. Nilipolisoma lalamiko hilo nilimkumbuka baba mdogo, ambaye anaeleza vizuri sana lakini si lazima akueleze ulichouliza.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi sana. Mwaka 1759 wachapishaji wa Ensaiklopidia walishutumiwa kwamba wamenakili michoro iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Aliyewashutumu, Pierre Patte, alikuwa msanifu majengo. Kwa hiyo kuchukua mkato wa mtu mwingine usiku na kuutia jina lako si dhambi iliyoletwa na intaneti. Nilifarijika kidogo, siwezi kuficha.

Kwetu, michoro hiyo ilipewa chuo cha kuishi mwaka 1956, Royal Technical College ilipofunguliwa Nairobi. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoanza kusomesha wasanifu wake nyumbani, na mtaala ulifuata mtindo wa Uingereza pamoja na vitabu vyake. Nisingependa kuwadharau walimu wale. Kusoma ukuta wa inchi 11 Nairobi hakukuwa upuuzi mtupu, kwa sababu kitabu kilikuja na maelezo yake. Mwanafunzi makini angeweza kusoma ile aya ya mvua ya ubavuni, akatazama dirishani, akaamua mwenyewe. Sababu ilikuwa bado imefungwa pamoja na mchoro, kwenye ukurasa mmoja.

Mimi nilipoupata mchoro wangu, uzi huo ulikuwa umekatika. Mtu fulani alikuwa ameukata kutoka kitabuni, akautia kwenye slaidi, mwingine akaukata kutoka kwenye slaidi akaupandisha mahali pengine, na kila hatua maneno yalipungua na mistari ikabaki. Kufika kwangu ulikuwa uzuri mtupu. Nadhani hiki ndicho kilichobadilika, zaidi ya wingi wa vitu au kasi yake.

Na kasi ilibadilika kweli. Aprili 2001, Chuo cha MIT huko Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure kwa dunia nzima. Sisi wakati huo tulikuwa tunategemea setilaiti, na mtandao ulikuwa ghali na wa kusuasua. Julai 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilianza kazi, zikatua Dar es Salaam na Mombasa, kwenye mwambao uleule ambao majahazi ya boriti yalikuwa yakiondokea. Miaka kumi na kitu baadaye, karibu kila niliyesoma naye alikuwa na nakala ya kitabu cha Francis Ching cha mwaka 1975 kwenye simu, kimechorwa kwa mkono kwa uzuri wa ajabu, na sehemu kubwa yake inaeleza nyumba za fremu za mbao za Marekani. Tulizijua kenchi na nguzo za mbao za huko kabla hatujajua kupanga makuti.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema sikujifunza kitu. Kuna mambo ambayo video inayafundisha kuliko darasa. Kipimo cha ulaini wa zege, kwa mfano. Chuoni nilikuwa nimekisikia mara mbili na sikukielewa. Kwenye simu nilimwona mtu akisimamisha koni ya chuma ya milimita 300, akaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka akalisindilia kwa fimbo mara 25, akaiinua koni taratibu, na zege likashuka kama mtu anayekaa chini amechoka. Akapima limeshuka kiasi gani. Nilirudisha nyuma, nikatazama tena. Fundi wa kweli huwezi kumrudisha nyuma. Zege likishamwagwa limemwagwa, na wewe mwanafunzi uliyekuwa nyuma ya wenzako arobaini hukuona kitu zaidi ya visogo. Baba mdogo mwenyewe nilipomwonyesha aliomba airudie. Yeye hupima kwa kufinyanga zege kiganjani, na alitaka kujua kama mkono wake na ile koni vinakubaliana. Tuliijaribu kwa ndoo ya rangi iliyokatwa kitako. Haikuwa sayansi, lakini vilikubaliana.

Tofauti niliyoiona ni hii: zege ni lilelile karibu kila mahali. Saruji, mchanga, kokoto, maji. Kwa hiyo somo la zege linasafiri vizuri hata kwenye simu iliyopasuka. Chokaa ya matumbawe haina bahati hiyo.

Tarehe 25 Desemba mwaka uleule wa 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka Unguja wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Seyyid Barghash, mbele ya bahari, na roshani zake ndefu juu ya nguzo za chuma. Nililiona kwanza kwenye video iliyotumwa kwenye kundi letu la darasa: vumbi, kisha upande mmoja haupo. Siwezi kusema kwa nini lilianguka; wapo waliopewa kazi hiyo. Ninachoweza kusema ni nilichokifanya mimi usiku ule. Nilichukua simu nitafute jinsi kuta za mawe na chokaa zinavyojengwa, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Nilipata picha za milango ya kuchonga. Nilipata matangazo ya hoteli. Namna ya kufunga dari la jasi katika nyumba ya Marekani, dakika kumi na mbili, ilikuja mara tatu bila kuitwa.

Nilichokuja kukijua baadaye nilikipata kwenye maandishi ya waakiolojia na midomoni mwa wazee. Kwamba kuna mawe ya aina mbili: tumbawe la baharini, laini likiwa bichi, linalochongwa kwa mapambo, na jiwe gumu la nchi kavu linalojazwa ukutani. Kwamba ukuta una unene wa sentimita 50 hivi, na hauzuii mvua kwa pengo bali kwa kuinywa na kuitoa: chokaa inapitisha unyevu, jua linapotoka ukuta unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji kwa nia njema, umeufunga mdomo, na unyevu unabaki ndani ukila. Hapo ndipo nililielewa swali la baba mdogo. Aliposema unyevu unatoka wapi, alikuwa ananiuliza swali la kwanza la somo zima, na mimi nilidhani ananitania.

Yeye chokaa alifundishwa na babu, Pangani, akiwa kijana, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwomba aitumie. Mwaka jana mwenye nyumba mmoja wa huko alimwita aje amrekebishie ukuta wa zamani. Nilimfuata nikiwa na simu mpya na kijiti cha kuisimamishia. Nilirekodi chokaa iliyochomwa ikitiwa kwenye shimo la maji, ikichemka na kutoa moshi mweupe, watu wakirudi nyuma wamefunika nyuso. Nilirekodi ikichujwa, ikifunikwa. Kisha nikarekodi lipu ikipigwa. Nyumbani niliikata yote ikawa dakika sita, nikaweka majina ya zana chini, kwa Kiswahili, nikawatumia wanafunzi wa mwaka wa pili ninaowasaidia kwenye mazoezi. Waliipenda. Nikampelekea baba mdogo.

Aliitazama mpaka mwisho, akasema, "Hapa umeruka."

"Wapi, baba?"

"Tumefunika shimo, halafu mara tunapiga lipu."

"Nimekata ile sehemu ambayo hakuna kinachotokea."

Alinirudishia simu. Hakusema kitu, akaendelea kunoa mwiko wake, na mimi nikabaki nimesimama pale kama siku ile ya mchoro.

Video mpya ina dakika 19. Nilirudi Pangani mara nne kuirekodi, kwenye shimo la pili alilolichimba kwa ajili ya upande wa uani. Katikati yake kuna sehemu ndefu ambazo wanafunzi wawili wameshaniambia zinachosha, zenye maandishi tu kwenye kona: siku ya 1, siku ya 9, siku ya 20. Siku ya 20 baba mdogo anafunua gunia, anachomeka fimbo ndani ya chokaa, anaichomoa, anaitazama nchani. Anatikisa kichwa. Anarudisha gunia mahali pake na kuweka jiwe juu.